Mhitaji yuko wapi kwenye bei? Manunuzi matano ya nyumbani Uganda, kutoka la mwisho hadi la kwanza

Pita kwenye rafu za supamaketi yoyote kubwa ya Kampala, utakutana na pakiti inayokuambia kwamba ukiinunua umemsomesha msichana, umepanda mti au umemlisha yatima. Sina ugomvi na wema. Tatizo ni kwamba maneno hayo yamechapishwa na huyohuyo anayeuza, na wanunuzi wengi hatuyapimi. Kwa hiyo nimeyapanga manunuzi ya kawaida ya nyumba zetu kwa kipimo kimoja: katika bei unayolipa, mhitaji amesimama wapi? Ni mwenye biashara, ni mfanyakazi anayelipwa, au ni picha tu kwenye karatasi? Kadiri alivyo karibu na pesa, ndivyo bidhaa inavyopanda kwenye orodha hii. Naanza na ya chini.

5. Bidhaa ya "sehemu ya faida"

Humu mna maji ya chupa, sabuni, biskuti, chochote kile. Kampuni inatangaza kwamba asilimia fulani itakwenda kwa wenye shida. Wewe angalia ni asilimia ya nini. Tuseme bidhaa inauzwa shilingi 10,000 na faida yake ni 1,000. Asilimia kumi ya mauzo ni shilingi 1,000. Asilimia kumi ya faida ni shilingi 100, na hiyo haikupi hata nusu ya chapati. Na mwaka ambao vitabu vitaonyesha hasara, hata hiyo 100 haipo.

Ipo pia ile ya "nunua kimoja, tugawe kimoja". Iliyoipa umaarufu ni kampuni ya viatu ya Marekani, TOMS, iliyoanza mwaka 2006: jozi kwako, jozi kwa mtoto maskini. Lawama zikaja, na baadaye kampuni yenyewe ikaachana na utaratibu huo. Lawama kubwa haihitaji shahada ya uchumi. Lori la viatu vya bure likishushwa kwenye mji mdogo, muuza viatu wa pale na fundi wake wanakaa bila wateja.

Sisemi uvipite vyote. Kama ungenunua sabuni hiyo hata hivyo, nunua. Ila kabla ya kulipa zaidi kwa sababu ya tangazo, uliza jina la anayepokea. Jina ukilipata, linaweza kuchunguzwa: kampuni na taasisi zisizogawana faida husajiliwa na URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa kampuni, na mashirika yasiyo ya kiserikali yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukijibiwa kwamba anayepokea ni "jamii", basi, lipa bei ya sabuni.

4. Shanga za karatasi, vikapu na zawadi za wageni

Shanga za karatasi zina historia ya kweli. Pale Banda karibu na Kireka, mtaa unaoitwa Acholi Quarters, waliishia watu waliokimbia vita vya Kaskazini, na wanawake wengi wakawa wanaponda mawe machimboni kwa ujira mdogo mno. Kukata magazeti na kalenda kuukuu kuwa vipande vyembamba, kuvisokota na kuvipaka vanishi ilikuwa kazi ya kivulini, nayo ikalipa. BeadforLife, iliyoanza mwaka 2004, ilizipeleka shanga hizo Marekani. Kisha yenyewe ikaacha shanga na kugeukia mafunzo ya biashara ndogondogo, na hapo pana somo: shanga ni rahisi kuiga, kila mtu akaanza kuzisokota, na wageni wanaozinunua ni walewale.

Ndiyo maana nimeziweka hapa chini. Kwenye masoko ya zawadi, lile la Buganda Road na lile la nyuma ya National Theatre, mara nyingi anayekuuzia siye aliyesokota, na vitu vingine, kama vile vinyago vya mawe ya Kisii, vimetoka Kenya. Hakuna kosa katika kuuza, muuzaji naye ana watoto. Lakini kama lengo lako ni msokotaji, nenda Banda mwenyewe, au chagua duka linaloweza kukutajia kikundi kilichotengeneza na kijiji kilipo. Vikapu vya ukindu na katani ni afadhali kuliko shanga kwa sababu vinatumika nyumbani, na mnunuzi Mganda anarudi kununua kingine. Biashara inayotegemea watalii peke yake tuliona ilivyokauka mwaka 2020.

3. Kahawa ya ushirika

Hapa mhitaji anaanza kuwa mwenye mali. Katika ushirika wa kweli mkulima ni mwanachama, ana kura, na faida ya mwisho wa msimu ni haki yake. Majina mawili ya kushika ni Gumutindo ya Mbale, kwa wakulima wa Mlima Elgon, na Bukonzo Joint ya Kyarumba, Kasese, kwa wale wa Rwenzori. Bukonzo Joint imekulia kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, na wanachama wake wengi ni wanawake. Inajulikana pia kwa mafunzo ambamo mke na mume hukaa pamoja kuchora mipango ya nyumba yao, hadi kufikia ardhi iandikwe kwa majina ya wote wawili. Nenda kamuulize mjane yeyote aliyefukuzwa shambani na shemeji zake karatasi hiyo ina thamani gani.

Suala la kukopa ni zito kuliko linavyosikika. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule au bili ya hospitali huuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei atakayopewa na mchuuzi. Ikiiva si yake tena. Mwenye kikundi cha kukopa anaweza kusubiri.

Muhuri wa Fairtrade, yaani wa biashara ya haki, nao una maana, mradi ujue unalipia nini. Agosti 2023 bei ya chini ya arabika iliyooshwa iliwekwa dola 1.80 kwa ratili, na juu yake senti 20 zinazokwenda kwa ushirika, wanachama ndio wanaoamua zitumike vipi. Mwanzoni mwa 2025 arabika ilipita dola 4 sokoni, kwa hiyo ile bei ya chini haikuwa na kazi. Senti 20 ziliendelea kuja. Muhuri ni bima ya miaka mibaya, na miaka mibaya ya kahawa hurudi.

Sasa kikwazo. Kahawa nyingi ya vyama hivi husafirishwa nje ikiwa mbichi. Pakiti iliyoandikwa "Bugisu" au "Rwenzori" kwenye rafu ya Kampala inakuambia ilikolimwa, haikuambii nani kalipwa nini. Geuza pakiti. Kama nyuma hakuna jina la ushirika, umenunua kahawa ya mkaangaji binafsi, ambayo yaweza kuwa tamu sana, ila haimo kwenye orodha hii.

Ya kampuni binafsi ninayoiruhusu humu ni Gorilla Conservation Coffee, ya Dk. Gladys Kalema-Zikusoka, yule daktari wa wanyama. Inanunua kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Bwindi kwa bei inayozidi ya soko, na sehemu ya kila pakiti inakwenda kwa CTPH (Conservation Through Public Health), shirika la afya ya sokwe na ya vijiji jirani aliloanzisha mwaka 2003. Kwa nini daktari wa sokwe ashughulikie afya ya vijiji? Kwa sababu mwaka 1996 sokwe wa Bwindi walipata upele kutoka kwa binadamu, na binadamu mwenye upele ni yule asiye na sabuni wala zahanati. Tazama tofauti na daraja la tano: anayepokea ana jina, anafahamika, na kabla ya msaada wowote mkulima ameshalipwa vizuri.

2. Pedi za kufua

Mwenye binti anayerudi bweni asome hapa polepole.

Katika kampeni za 2016 wasichana wa shule waliahidiwa pedi za bure. Mwaka 2017 waziri wa elimu akaliambia Bunge kwamba fedha hizo hazipo. Tangu hapo mzigo umebaki ulipokuwa, kwenye pochi ya mama, na pale pochi ilipo tupu, kwenye vipande vya godoro na matambara. Hesabu yenyewe ni hii: pakiti ya shilingi 4,000 kila mwezi ni shilingi 48,000 kwa mwaka, kwa msichana mmoja. Nyumba yenye wasichana watatu izidishe yenyewe.

AFRIpads walianza mwaka 2010 katika kijiji cha Kitengesa, upande wa Masaka, na walioajiriwa kushona ni wanawake wa hukohuko. Ni kampuni, inauza, na wateja wake wakubwa ni mashirika yanayonunua kwa jumla ili kugawa. Lakini nyumba ya kawaida nayo inaweza kununua, na inafaidi mara mbili: mshonaji wa Masaka analipwa mshahara, na wewe unaacha kununua pakiti kila mwezi kwa mwaka mzima au zaidi. Pedi ina vitambaa vinavyonyonya, tabaka lisilopitisha maji, na mabawa ya kubana kwa vifungo chini ya chupi. Inafuliwa kwa maji baridi na sabuni, inaanikwa juani.

Kwenye kuanika ndipo penye kazi. Kamba ya bweni ni ya watu wote, na msichana atakayeona haya ataficha pedi mbichi chini ya godoro, ambako haitakauka. Basi usimkabidhi mtoto kifurushi mlangoni kwa basi. Shangazi yake, senga mwenyewe, akae naye likizo nzima ya kwanza, azoee kufua na kuanika akiwa nyumbani. Kabla ya kulipa uliza pia kama shule ina maji ya uhakika. Pale ambapo jerikeni inachotwa mbali na kugawiwa kwa kikombe, pedi za kutupa ni jibu la busara zaidi, na hakuna wa kukulaumu.

Kwa wanaohitaji za kutupa, ukizikuta, zipo MakaPads, kazi ya Dk. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Zinatengenezwa kwa mafunjo yanayoota vinamasini kwetu pamoja na karatasi chakavu, na miongoni mwa waliozitengeneza ni wakimbizi wa kambi ya Kyaka II.

1. Sare ya shule kwa fundi wa mtaani

Wengine watashangaa. Huyu hana nembo, hana bango, hajaahidi kusaidia yeyote. Ndiyo maana ni wa kwanza: mhitaji ndiye mwenye cherehani, na unachomlipa kinaingia mfukoni mwake bila kupita ofisini.

Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na wanaoamua kuishi Kampala badala ya kambini kwa kawaida hawapati mgao wa chakula. Hata huko kambini mgao umekuwa ukikatwa tangu 2020. Kwa hiyo mama wa Kikongo anayeshona Nsambya au Katwe hasubiri hisani ya mtu, anasubiri mteja. Wengi wamejifunza cherehani kwenye vyama vyao wenyewe, mfano YARID, iliyoanzishwa na vijana wakimbizi kutoka Kongo mwaka 2007. Na kwa sisi tunaozungumza Kiswahili kuna faida ya ziada: mnaelewana kuhusu kiuno na pindo bila mkalimani. Usimsahau pia Mganda mwenye cherehani moja ya kukodi pale soko la Owino, maana shida haiulizi kitambulisho.

Shule nyingi zinalazimisha sweta na tai zenye nembo zinunuliwe kwao. Hayo walipe. Kaptula, sketi, mashati meupe na gauni za nyumbani, hizo zipeleke kwa fundi. Nunua kitambaa mwenyewe Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa ya Kampala, ukisugue kwa kidole kilicholowa uone kama kinatoa rangi. Peleka na sare ya zamani ya mtoto kama kipimo, na mwambie aache pindo la vidole vinne, kwa kuwa watoto hawangoji muhula uishe ndipo warefuke. Peleka mapema Desemba. Ukimfuata wiki ya mwisho ya Januari utamkuta na rundo la nguo za watu, atakuahidi Jumamosi kwa aibu tu ya kukukatalia.

Halafu bei. Tuna tabia ya kulipa bei ya kibandiko supamaketi bila neno, kisha kwa fundi tunapigania shilingi elfu mbili kana kwamba tumeibiwa. Ulizia bei kwa mafundi wawili watatu, ujue ya mtaa ni ipi, ulipe hiyo. Toa nusu mwanzo, maana ndiyo anayonunulia uzi na vifungo, na nusu siku ya kuchukua nguo, baada ya mtoto kuivaa na kuchuchumaa. Ukituma kwa simu, ongeza na ada ya kutolea.