TAHADHARI: Muuza rota (visahani vya breki za baiskeli) za milimita 203 "orijino" hapa Mombasa ni tapeli. Mpitieni mbali!

Waendesha baiskeli wa Mombasa, Kwale na Kilifi, someni hii kabla hamjatuma pesa.

Yule bwana wa vipuri vya baiskeli za milimani, yule mwenye kibanda na zile picha za WhatsApp kila asubuhi, mnamjua, amerudi. Baada ya yale ya mwaka jana, wazee walipoitwa kusuluhisha, tulidhani ameona haya. Hana haya. Safari hii hauzi mipira ya ndani, anauza BREKI. Na anayekuuzia breki bandia haibi pesa tu, anakutuma uteremke Kwale mpaka Kombani huna cha kukusimamisha.

Tazameni alivyofanya. Bidhaa ilikuwa rota mbili za milimita 203 za kuchukua nafasi ya zile 160 zilizokuja na baiskeli, adapta ya mbele na ya nyuma (vipande vya kusogezea breki ilingane na rota), na pedi (zile zinazoibana rota). Shilingi 14,500, kufunga bure. Akatoa boksi lenye jina la Shimano na namba SM-RT66, limefungwa plastiki. Akaipasua ile plastiki mbele ya macho ya watu, taratibu, bila haraka. Akaweka rota juu ya kaunta, akavuta futi ya kupimia, akaitandaza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. "Soma mwenyewe, shehe wangu. Ishirini nukta tatu. Wallahi mji huu hupati nyingine." Na kweli ilikuwa 203. Kisha akachukua kisumaku, akakibandika, kikashika. "Bandia haishiki sumaku, ndugu yangu." Akaipangusa rota kwa kitambaa, mara moja upande huu, mara moja upande ule (huo upangusaji ukumbukeni). Akafunga kwa ufunguo wa nyota T25, bolti moja kisha ya mkabala wake, ndivyo inavyotakiwa. Akazungusha gurudumu, likaenda kimya. Akabana breki, likasimama papo hapo. Pesa zikatumwa.

Mtu atauliza, mlimwaminije? Tulimwamini kwa sababu anaijua kazi! Anajua tofauti ya habu (kitovu cha gurudumu) ya bolti sita na ya sentaloki (rota hukazwa kwa pete moja ya katikati). Anajua kwamba adapta ya IS (mtindo mmoja wa kufungia breki) ya mbele kwa rota ya 180 ndiyo hiyohiyo ya nyuma kwa rota ya 160, jambo ambalo mafundi wengi mjini hawalijui. Alituambia mwenyewe tusichanganye mafuta ya madini ya Shimano na ya DOT (aina nyingine ya mafuta ya breki) kwa sababu mipira ya kuziba iliyo ndani ya breki itafura. Yote kweli. Nyaya na cheni alizouza nyuma zilikuwa sawa. Tapeli asiyejua kitu utamkamata kwa swali la pili, lakini huyu hujibu yote kumi sawasawa kisha anakuuzia bati. Ndiyo maana inauma na ndiyo maana tunaona aibu, maana wengi wetu ndio wanaoulizwa na wageni wa mchezo huu, "nikanunue wapi?"

Sasa yaliyokuwemo ndani ya boksi.

Rota mpya ya Shimano ina unene wa milimita 1.8, na juu yake imechapwa kiwango cha mwisho, 1.5. Ikifika hapo inatupwa. Za huyu bwana, kabla hazijaguswa na pedi hata mara moja, kipimo cha venia (cha kupimia unene) kinasoma 1.6 mahali pamoja na 1.5 upande wa pili wa duara lilelile. Yaani ameuza rota mpya iliyokwisha kufa. Na msidharau tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Pedi zikiwa zimebana, kila gurudumu likizunguka pistoni (zile zinazosukuma pedi) zinasukumwa nyuma na kurudi, mkono unahisi breki ikipigapiga, na gurudumu la mbele linashika na kuachia katikati ya kona yenye changarawe. Chuma chembamba pia kina uzito mdogo wa kubeba joto, na hilo joto ndilo lililokufanya utafute rota kubwa. Kwa hiyo hiyo 203 inajipinda upesi, inaanza kusugua pedi ukiwa bado mlimani, na pedi zikiisha pistoni zinatoka nje kupita kiasi mpaka mafuta yanavuja.

Ile sumaku ilikuwa ulaghai mtupu. Rota nzuri hutengenezwa kwa chuma cha pua cha aina inayoshika sumaku, hilo ni sawa. Lakini bati la kawaida nalo hushika. Sumaku itakusaidia kumkamata aliyekata rota kwa chuma cha pua kile cha sufuria, kisichoshika. Sumaku haikuonyeshi bati. Linaloonyesha bati ni chumvi ya pwani yetu. Rota halisi ikilala karibu na bahari hupata kutu nyepesi kwenye mkanda wa pedi (sehemu inayobanwa), ukibana breki mara chache inafutika. Hizi zimeliwa kutu mpaka kwenye mikono ya katikati na ndani ya matundu.

Na ndiyo sababu anazipaka mafuta! Kile kitambaa hakikuwa usafi, kilikuwa kinapunguza mafuta ili gurudumu lisimame pale kibandani likiwa halina mtu juu yake. Gurudumu tupu husimamishwa hata na kidole. Mafuta yaliyobaki kwenye vitundu hutoka rota ikipata moto, pedi huyanyonya, breki inaanza kulia na haishiki. Pedi iliyolewa mafuta hairudi, hata uichome au uisugue msasa. Nunua nyingine.

Matundu sita ya bolti hukaa kwenye duara la milimita 44. Yake yametobolewa vibaya, mawili yamekuwa ya yai. Ukibana breki huku unasukuma baiskeli mbele-nyuma unasikia "tok" na rota inacheza kwenye habu. Bolti zake za M5 ni laini, vichwa vya nyota vinaliwa kwenye kukaza kwa pili.

Pedi za "zawadi" zilikuwa za metali. Pedi za metali juu ya bati laini! Hata Shimano yenyewe ina rota za bei nafuu zilizochapwa "Resin Pad Only" kwa sababu pedi za metali huzitafuna upesi. Huyu alilijua hilo, maana alilieleza siku nyingine kwa mtu mwingine.

Haya yote ni madogo mbele ya adapta. Kutoka rota ya 160 hadi ya 203, kalipa (ile inayobeba pedi) inatakiwa isogee nje milimita 21.5, nusu ya tofauti ya vipenyo. Adapta sahihi imechapwa F203 au +43 kwa forki (uma wa mbele) yenye nguzo za posti (za kufungia kalipa) za 160, na huja na bolti zake. Yeye alitoa adapta ya 180, inayosogeza 10 tu, kisha pengo la 11.5 lililobaki akalijaza kwa washa (pete bapa za bolti). Washa juu ya washa, akapaka rangi nyeusi zionekane kitu kimoja! Na bolti akaacha zilezile fupi. Uzi wa bolti ya M6 ni milimita 1 kwa kila mzunguko, kwa hivyo hesabuni wenyewe: bolti ya kalipa ya mbele ilitoka baada ya mizunguko minne. Milimita 4 za uzi ndani ya aluminiamu, ndizo zilizoshika breki nzima ya mbele. Kwenye aluminiamu usikubali chini ya 9. Ukibana breki kwa nguvu kwenye mteremko, uzi unang'oka, kalipa inageuka, inaingia kwenye spoki, gurudumu linakwama na mtu anapita juu ya usukani. Pale hakuna fundi wa kulaumu, kuna ambulensi.

Ya nyuma ndiyo kinyume: kalipa imekaa juu mno, nusu ya pedi inashika hewa. Pedi inaliwa upande mmoja, inaacha ukingo uliosimama, na kingo za pedi mbili zinapokutana juu ya rota, mkono unakaza lakini baiskeli inaendelea kwenda.

Kubadilisha kwenda rota kubwa si kosa, msije mkaogopa. Kwa nguvu ileile ya kidole, 180 badala ya 160 inaongeza ukamataji kwa takriban asilimia 12, na 203 kwa takriban 27. Kwa mtu mzito, au mwenye mizigo, au anayeteremka Rabai na Shimba Hills, ni nafuu kubwa. Lakini kila forki ina mwisho wake ulioandikwa na aliyeitengeneza, na forki nyingi za bei ya chini hazikuundwa kubeba zaidi ya 180. Fremu nayo ina mwisho wake nyuma, mara nyingi rota inagusa bomba la chini la nyuma, lile la kando ya gurudumu. Muuzaji mwaminifu swali lake la kwanza ni "forki gani?" Huyu hakuuliza. Aliuliza, "unalipa sasa?"

Kama umefungiwa na yeye, usipande tena kabla ya kukagua. Toa gurudumu. Pima unene wa rota mahali sita kwenye mkanda wa pedi, chini ya 1.7 kwa kitu kinachoitwa kipya, usifunge tena. Fungua kila bolti ya kalipa kwa ufunguo wa aleni namba 5 ukihesabu mizunguko. Paka rangi ya kalamu ya alama kwenye rota, zungusha, bana, uone pedi inafuta wapi: ifute mkanda wote, isipite ukingo wa nje wala isiguse mikono ya katikati. Ukinunua rota halisi, osha kwa alkoholi ya isopropili, si kila spiriti ya duka la dawa, nyingine zina mafuta ndani. Bolti sita za rota za Shimano kaza kwa nyutoni mita 2 hadi 4 kwa mtindo wa msalaba. Sentaloki ni 40. Legeza kalipa, bana breki, shikilia, kisha kaza bolti zake mbili kwa zamu mpaka 6 hadi 8. Halafu zizoeshe: barabara tupu, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, bana mpaka mwendo wa mtu anayetembea, usifunge gurudumu, rudia mara 20 hivi. Bila hilo hata rota bora itaonekana mbovu, na yeye hupenda kujitetea kwa hilo: "hamkuzizoesha". Uongo. Bati halizoeshwi.

Dalili za kumjua: hana till (namba ya malipo ya biashara), anakwambia utume kwa namba ya mtu, na jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla hujathibitisha si lake. Risiti "kesho". Anapima upana, unene hataki. Ukitoa venia yako anaanza kufunga kibanda. Boksi lina gundi mpya pembeni. Nyingine mtaziona wenyewe, sina subira ya kuziorodhesha maana damu inachemka.

Huyu mtu ashtakiwe! Asiombwe, asibembelezwe, wala wazee wasiitwe tena kusuluhisha kama mwaka jana. Alirudisha nusu ya pesa, akaapa, na tazameni. Sheria ya bidhaa ghushi ipo tangu 2008, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ina kazi yake. Boksi lenye jina la kampuni juu ya bati lisilo lake ni kosa la jinai, si "kutoelewana kwa wateja". Kwa pesa zetu ipo Mahakama ya Madai Madogo, inapokea madai mpaka shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili. Adaiwe alipe rota, alipe pedi, alipe na forki iliyong'olewa uzi. Bidhaa zote zichukuliwe na ziharibiwe, zisirudi mtaani kwa jina lingine. Afungiwe makundi yote ya vipuri, hapa na Malindi. Na anayemkodisha kile kibanda aambiwe anamkodishia nani.

Wenye vitu vyake, msitupe chochote kwa hasira. Wekeni rota, washa, boksi na ujumbe wa M-Pesa. Pigeni picha venia ikiwa imeshika rota na namba inasomeka. Anayeweza kwenda kituoni leo aende, aandikishe, aweke namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) hapa chini ili sisi wengine tuitumie tunapokwenda na vyetu.