Biblia ya Union kwa mtu anayejifunza imani: inapofaa na inapoteleza

Anayetaka kuijua imani kwa undani anahitaji Biblia itakayomwonyesha neno lenyewe linavyotembea kutoka kitabu hadi kitabu. Kwa kazi hiyo Biblia ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952 ikiunganisha tafsiri za Mvita na Unguja, bado ndiyo ya kuanzia. Ina kasoro moja kubwa, nayo iko kwenye neno "tumaini".

Kwanza uzuri wake. Imani, amini, uaminifu na amana ni maneno ya ukoo mmoja tuliyoyapata kwa Kiarabu, na mzizi wake ni ndugu na ule wa Kiebrania uliotupa "Amina". Ukisoma Mwanzo 15:6, "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki", unasikia sauti iliyo karibu sana na ya Kiebrania chenyewe. Mzizi huo umebeba uimara, kitu unachoweza kukiegemea bila kuanguka. Fungua Kutoka 17:12: Musa ameketi juu ya jiwe, Haruni na Huri wameitegemeza mikono yake, na Union inasema mikono hiyo "ikathibitika" mpaka jua likachwa. Neno la Kiebrania hapo ni emuna, lilelile linaloitwa imani katika Habakuki 2:4. Kisha nenda Isaya 7:9, Ahazi na watu wake wanapoambiwa kwamba wasipoamini hawatathibitika. Ukiyaweka mafungu hayo pamoja, imani inaacha kuwa msisimko wa ibada. Inakuwa mikono iliyochoka lakini haishuki, kwa sababu imeshikwa.

Waebrania 11:1 nayo imetafsiriwa kwa nguvu: imani ni "hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana". Bayana ni ushahidi, neno la barazani kwa hakimu. Habari Njema, tafsiri ya miaka ya 1990, imeweka "kusadiki kabisa", na hapo uzito umehama kutoka kwenye ushahidi ukaenda kwenye moyo wa anayesadiki. Wengi huumia hapo: wakikosa ile hisia ya uhakika, wanadhani wamekosa imani. Lakini yule baba mwenye mwana mgonjwa, katika Marko 9:24, alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mwanawe akaponywa.

Sasa kasoro. Union hutumia "tumaini" kwa kazi mbili. Katika Mithali 3:5, "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote", maana ni kumwegemea Mungu kwa uzito wako wote. Ndiyo maana mstari unaendelea, "Wala usizitegemee akili zako mwenyewe". Katika 1 Wakorintho 13:13 tumaini ni kutazamia yajayo. Asiyejua tofauti husoma Mithali kana kwamba anaambiwa angojee mambo yawe mazuri, kumbe anaambiwa aache kuegemea kitu kimoja aegemee kingine. Dawa ni kusoma mstari wa pili: ukikuta kutegemea, kukabidhi au kukimbilia karibu yake, hilo ni tumaini la kuegemea. Zaburi 37:5 ni mfano safi, "Umkabidhi BWANA njia yako, Pia umtumaini".

Tatizo jingine ni la kutafuta. Vitenzi vyetu hubeba viambishi, kwa hiyo programu ya simu inayotafuta neno zima itakupa "tumaini" na kuyaacha "wamtumainio" na "nitakutumaini". Andika maumbo hayo moja moja, au tumia itifaki, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo, ufuate mzizi. Pia neno moja la Kigiriki, pistis, limegawanyika: ni "imani" katika Warumi 1:17 lakini "uaminifu" kwenye tunda la Roho, Wagalatia 5:22. Uamuzi huo ni sahihi, ila msomaji ajue ni neno moja.

Namna ya kuitumia: anza na Mwanzo 15:6, kisha fuata mstari huo ulikonukuliwa, Warumi 4:3, Wagalatia 3:6 na Yakobo 2:23, ukisoma sura nzima kila mahali. Usimwache Yakobo. Paulo anaonyesha kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa; Yakobo anaonyesha imani hiyohiyo ilivyopanda mlimani na Isaka. Anayesoma mmoja tu atatoka na imani nusu. Hapa isome Habari Njema sambamba na Union, maana "imekufa nafsini mwake" ya Yakobo 2:17 ni ngumu kwa kijana wa leo, lakini Habari Njema imesema wazi kwamba imani bila matendo imekufa.

Ukinunua, chukua chapa yenye marejeo. Ile isiyo nayo ni nyepesi kubeba, lakini kwa somo hili utalazimika kuitafuta kila nukuu mwenyewe.