Kola ya miba ya mbwa: mali yenyewe safi, karatasi yake ya sheria ndo matatizo

Haya jamani, nyinyi mnaokaa Mombasa na mbwa wenu wako shamba upande wa Kwale, hii ni yenu. Nimenunua kola ya miba ya kumkinga mbwa na chui, ile ya ngozi pana imezungushwa misumari inatazama nje, nimeitoa agrovet moja maeneo ya Mwembe Tayari kwa elfu mbili na mia nane baada ya kuvutana sana (alianza na elfu nne, usikubali kabisa). Ndani ya boksi mna kola, kitaa cha sola cha kumetameta cha kutundika bandani, na karatasi ya Kizungu. Nyota naipa tatu kwa tano, na ingekuwa nne lau si hiyo karatasi na mdomo wa muuzaji.

Kola kwanza. Chui akimjia mbwa analenga shingo au koo, na chui mbwa anampenda vibaya, muulize yeyote anaekaa kando ya Shimba Hills atakwambia mbuzi wanaachwa mbwa anabebwa barazani. Sasa hiyo miba inamnyima pa kung'ata. Wala si uvumbuzi wa juzi, wachungaji wa Uturuki wanawavisha mbwa wao wa Kangal makola ya chuma yenye miba mirefu zamani sana, na Italia mbwa wa Maremma wanavishwa vilevile kwa sababu ya mbwa mwitu wa huko, wale wolf. Tomi wa shemeji yangu kule Kwale anaivaa kila magharibi, ngozi nzito, mshono haujaachia, bizimu imekaza. Nyengine nikamvisha wangu hapa Shanzu nione tu itakuwaje, na hapo ndo utajua haikutengenezwa kwa watu wa pwani, manake upepo wa bahari umeila misumari kutu mapema sana na ngozi ikaanza ukungu wakati wa masika. Ipake mafuta, na asubuhi mvue, usimwachie siku nzima na joto hili, chini ya kola panatoka vidonda na kupe wanajificha humo raha mustarehe. Halafu hakikisha miba inatazama NJE, kuna zile za miba ya ndani za kumfundisha mbwa adabu, hizo zinamchoma mwenyewe na Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, usije ukajitia mashakani.

Kwa fisi sina imani nayo sana, fisi anaenda miguu na tumbo. Chatu ndo kabisa, yeye anazungusha kifua anabana, miba ya shingoni itamfanya nini.

Sasa hiyo karatasi. Imeandikwa ati mwenye mbwa ana haki ya kisheria kumuua mnyama anaemshambulia mbwa wake na kulipwa fidia, na muuzaji anakusomea kama hotuba, "sheikh wangu, sheria iko na wewe." Sheria ya wapi? Hiyo bidhaa imeundwa kwa soko la Wazungu, na hata kwao haiko hivyo kila pahali. Sweden kweli kanuni zao za uwindaji, kifungu cha 28, zinamruhusu mwenye mnyama kumpiga risasi mbwa mwitu aliemvamia mnyama wake, na masharti yake. Wisconsin kule Marekani ni kinyume: jimbo linamlipa mwindaji hadi dola 2,500 kwa mbwa wa kuwinda alieuliwa na mbwa mwitu, lakini kumpiga huyo mbwa mwitu ili umwokoe mbwa huruhusiwi, manake tangu mahakama iwarudishie ulinzi wa serikali kuu Februari 2022 unaweza kuua kwa kuokoa maisha ya binadamu tu. Yaani huku unaua, kule unalipwa tu, na karatasi imechanganya vyote viwili ikakuuzia Mwembe Tayari.

Kwetu sheria ni ile ya wanyamapori ya 2013. Kifungu cha 25 kinazungumzia fidia, mtu akiuliwa ni milioni 5, akipata ulemavu wa kudumu milioni 3, na hasara ya mazao, mifugo au mali nyengine nayo imo, inapitia kamati ya kaunti na inahesabiwa kwa bei ya soko. Mbwa hakutajwa kwa jina. Haya, utasema ni mali yangu, sawa, lakini bei ya soko ya Tomi ni ngapi? Mbwa koko aliokotwa Ukunda akiwa kidole! Mwenye German Shepherd ana risiti na karatasi za chanjo angalau ana pa kuanzia, sisi wengine tutachekwa ofisini. Na hata wa mbuzi wanalalamika fidia inachukua miaka.

Ila kuna kipengele kwenye hichohicho kifungu ambacho ningependa muuzaji akisome badala ya ile hotuba yake: hulipwi kama hukuchukua hatua za maana kulinda mali yako. Kwa hivyo ukimwacha mbwa amelala nje kando ya msitu umejifungia mlango mwenyewe. Kola, taa, banda lenye komeo, hizo ndo hatua, piga picha uweke. Na chui usimguse, si mshale si panga, mpigie KWS, shirika la wanyamapori, wao huja na mtego wa kizimba. Kuna wanaotega nyama yenye sumu, mbali na kuwa ni kosa, anaeila wa kwanza huwa ni mbwa wa jirani.

Wale wa mbwa wa kuwinda mlioniuliza, nyinyi hata msihangaike na fidia. Uwindaji Kenya umefungwa tangu 1977, ukienda kuripoti kwamba mbwa wako ameliwa ukiwa msituni unafukuza paa, utaanza kuulizwa maswali wewe. Kola ya miba haikusaidii hapo.

Kitaa cha sola: cha kawaida. Ni wazo lilelile la Richard Turere, yule kijana wa Kimaasai aliefunga taa za kumetameta kwenye zizi la babake kando ya Nairobi National Park kuwafukuza simba akiwa bado mtoto. Zake alizifunga nyingi kuzunguka boma zikipokezana kuwaka, simba akadhani ni mtu anatembea na tochi. Hiki ni kimoja, kinawaka hapohapo kwa mwendo uleule, na ikiwa siku ina mawingu kinazima kabla ya alfajiri. Ongezeni vyengine vitatu vinne mkiweza, vinauzwa bei ndogo Marikiti.

Mzee jirani yangu aliniona namvisha akasema kidini mbwa wa shamba na wa mifugo hana neno, ila hayo mapambo ya nini. Nikamwachia.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa msisahau, mbwa akipona meno ya fisi au mbweha bado unaweza kumpoteza kwa hiyo, na kola haizuii mate.

Mkienda kununua pimeni shingo nyumbani kwa uzi, vidole viwili vipite chini ya kola, kwa sababu duka lile hawakubali kubadilisha ikishavaliwa. Saizi kubwa niliambiwa zimeisha, zilizobaki ni za kati na ndogo, na ile ndogo misumari yake ni mifupi mno hata paka haitamsumbua.