Mashine ya kufungulia nati: kabla hujalipa, pima betri

Mwezi wa nne nilipata pancha mbele ya Chalinze, jua linazama, Noah imejaa watoto. Sikuwa na wasiwasi. Nyuma ya gari kulikuwa na mashine ya kufungulia nati, mpya, niliyoinunua Kariakoo wiki mbili nyuma kwa laki mbili na nusu, ubavuni imeandikwa 388VF. Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka kwa shida. Ya tatu mashine iligonga mara nne, ikazima. Aliyetuokoa ni dereva wa lori na spana yake ya msalaba.

Nilipofika nyumbani niliifungua ile betri. Ndani mna seli tano, safu moja, na juu yake nafasi tupu inayotosha safu ya pili.

Wengi mnaniuliza mashine ipi ina nguvu. Betri hamuulizi, na ndiyo inayowaangusha. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, ikijaa kabisa 4.2. Tano zikifuatana ni volti 18, zikijaa 21. Hizo volti 48, 88 au 388 zinazoandikwa ubavuni mwa mashine hizi hazimo ndani ya kasha, zimo kwenye stika tu. Na safu moja ya seli za kawaida haimudu umeme ambao mota inautaka inapopambana na nati iliyoganda: volti zinashuka, mashine inapiga kelele, nati haisogei. Seli kumi, yaani safu mbili, zinagawana mzigo. Seli hizi za kawaida zina gramu 45 hivi kila moja, kwa hiyo betri ya seli kumi pamoja na kasha lake lazima ipite nusu kilo. Yangu niliipeleka kwenye mizani ya bucha ikasoma gramu 340, na juu imeandikwa 6.0Ah (kipimo cha umeme ambao betri inatunza), kama vile ina seli kumi!

Namba moja kwangu ni Makita DTW300, na sifichi mapenzi yangu. Inakaza hadi Nm 330 (Nm ni kipimo cha torki, yaani nguvu ya kuzungusha), na nati iliyokwama inaifungua kwa Nm 580. Nati za tairi za IST au Noah hukazwa Nm 103 tu, kwa hiyo hata kama kijana wa gereji alizikaza kwa kusimama juu ya bomba la spana, zinatoka. Urefu wake ni milimita 144, unaingia nayo hadi kwenye bolti za shokapu bila kukwaruza mikono. Ivalishe betri ya BL1850B, yenye seli kumi. Kama unashughulika na magari makubwa, ipo DTW1002 ya Nm 1000, lakini ni nzito na mkono utakuuma.

Ya pili DeWalt DCF894: Nm 447 kukaza, 610 kufungua. Usichanganyikiwe ukiona moja imeandikwa 18V na nyingine ya Marekani 20V, betri ni ileile.

Mashine za Ingco na Total zinafaa kwa tairi za gari dogo. Chukua yenye mota isiyo na kaboni (imeandikwa brushless).

Soketi, vile vikombe vinavyoshika nati, ziwe zile nyeusi nene. Za kung'aa zinaweza kupasuka. Kukaza malizia kwa mkono, kwa spana ya kupimia torki.

Sasa wauzaji. Bei unayotajiwa ni ya mashine tupu. Ukishakubali ndipo unaambiwa betri na chaja ni pembeni, na inayotolewa chini ya kaunta ina rangi ya Makita lakini ni nyepesi kama boksi la viatu. Juzi nimerudi Kariakoo na mizani yangu ya jikoni kwenye mkoba. Duka la kwanza walikataa nisipime. La pili, mzee mmoja aliiweka betri mwenyewe: gramu 630. Nililipa bila kuomba apunguze.