Uzoefu wangu na varianti za Storm: miaka minne, masanduku mawili

Jumatano ndiyo siku komiki mpya zinapotoka hapa Marekani. Mimi siku hiyo natoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nalala kidogo, na saa tano duka likifunguliwa niko mlangoni. Mwenye duka ananijua. Kabla sijafika kaunta ameshainama kutoa bahasha yenye jina langu, na kama ndani yake kuna varianti, yaani komiki yenye jalada tofauti na la kawaida, ya Storm, shujaa wa kike wa kundi la X-Men, huiweka juu kabisa ili niione kwanza. Nina miaka tisa Minneapolis, na minne kati ya hiyo nimekuwa nikikusanya varianti. Wenzangu kadhaa wa nyumbani wameniuliza kama hii ni biashara au ni mapenzi tu, na kama hela hurudi. Haya ndiyo niliyoyaona.

Nianze na Storm, maana bila yeye nisingeingia. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975, katika Giant-Size X-Men namba 1 ya Len Wein na Dave Cockrum, na humo Profesa Xavier, mkuu wa X-Men, anamfuata Kenya, anamkuta watu wakimwabudu kwa sababu analeta mvua. Mama yake katika hadithi ni binti wa kifalme wa Kenya. Mimi mtu wa Likoni, niliyekuwa nikivuka feri kila asubuhi kwenda shule, nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, ughaibuni, theluji nje imefika magotini, lilinigusa pahali. Nikaanza kununua kila komiki yenye sura yake juu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba komiki moja inaweza kuwa na sura sita, saba, hata zaidi.

Varianti ni komiki ile ile, hadithi ile ile, kurasa zile zile, ila jalada limechorwa na mtu mwingine au limechapwa kwa namna nyingine. Kuna zenye picha peke yake bila jina wala bei. Kuna zenye karatasi inayong'aa. Kuna zilizoachwa nyeupe ili umpe mchoraji akuchoree papo hapo. Jambo lenyewe si geni: mwaka 1986 kampuni ya DC walitoa Man of Steel namba 1 ya John Byrne kwa majalada mawili. Mwaka 1991 X-Men namba 1 ya Jim Lee ikatoka na majalada matano, nakala zaidi ya milioni nane zikaenda madukani. Watu walinunua kwa maboksi wakiamini wanasomeshea watoto. Leo hiyo X-Men utaikuta kwenye masanduku ya bei ya chini karibu kila duka, kwa sababu kila aliyeinunua aliitunza. Soko lilianguka, na Desemba 1996 Marvel wenyewe, wachapishaji wa X-Men, walikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika.

Nimeyasema hayo kwa sababu kosa lile lile bado linafanyika, ila sasa limevaa nguo ya hesabu. Utaona muuzaji ameandika 1:25, 1:50, 1:100. Mgeni akiona 1:100 anadhani ziko mia tu duniani. Sivyo. Maana yake ni kwamba duka likiagiza nakala 100 za jalada la kawaida, ndipo linaruhusiwa kupata moja ya varianti hiyo. Kwa hiyo uhaba hauko kwenye ile namba ya uwiano, uko kwenye wingi wa oda. Chukua Black Panther namba 1 ya mwaka 2016, iliyoandikwa na Ta-Nehisi Coates. Maduka yaliagiza zaidi ya nakala 250,000. Katika komiki ya namna hiyo, varianti ya 1:25 inaweza kufika nakala elfu kumi. Sasa chukua komiki isiyo na mpenzi, iliyoagizwa nakala 15,000 nchi nzima: 1:25 yake haizidi 600, na kwa kweli zinakuwa chache zaidi, kwa sababu duka dogo likiagiza nakala nane halipati hata moja.

Ndiyo siri ya Amazing Spider-Man namba 667 ya mwaka 2011, ile yenye jalada la Mwitaliano Gabriele Dell'Otto. Uwiano wake ni 1:100, na maduka yaliyokuwa tayari kuagiza nakala mia za namba hiyo yalikuwa machache. Hakuna mhusika mpya mkubwa ndani yake, hakuna kifo cha shujaa. Ni jalada tu, zuri, na nakala hazipo. Leo ni kati ya varianti za kisasa zinazotafutwa kuliko zote, na bei yake ni ya gari. Mwaka huo huo ilitoka Ultimate Fallout namba 4, Miles Morales, Spider-Man mwingine, anapotokea mara ya kwanza, na varianti yake ya 1:25 ya Marko Djurdjevic nayo ikapanda. Hiyo ilipandishwa na mhusika, ile ya Dell'Otto ikapandishwa na uhaba. Mtu anayetaka kununua kwa akili atenganishe mambo hayo mawili kabla hajatoa pochi.

Kwa hiyo huduma ninayoisifu kwa moyo wote ni ya duka la mtaani, na hasa orodha ya kuwekewa. Unamwambia mwenye duka mapema unachotaka, wiki kadhaa kabla komiki haijatoka, naye anakuagizia. Anahitaji kujua mapema kwa sababu komiki nyingi akishaagiza hazirudishwi. Zisipouzika ni mzigo wake. Storm namba 1 ya mwaka 2024, iliyoandikwa na Mnigeria Murewa Ayodele na kuchorwa na Lucas Werneck, ilipotangazwa nilimpigia simu siku hiyo hiyo. Nilimwomba majalada manne ya kawaida na moja la uwiano kama atafikisha oda. Alifikisha. Nililipa bei aliyoniambia miezi miwili kabla, ingawa asubuhi ile mtandaoni watu walikuwa wakiiuza kwa zaidi. Mtu wa namna hiyo humwachi.

Mtandaoni nimeumia. Mwaka wa pili niliona varianti niliyokuwa nikiitafuta, picha safi, bei nafuu, muuzaji ana sifa nyingi. Juu ya mistari ya msimbo wa bei (barcode), pale chini kushoto, palikuwa na stika ya bei. Sikulitilia maanani. Komiki ilipofika nikaibandua ile stika taratibu kwa ukucha, na chini yake tarakimu zikaniambia nimeuziwa mbuzi kwenye gunia: ilikuwa chapa ya pili, yaani iliyochapwa tena baadaye, jalada lile lile, thamani sehemu ndogo ya nilicholipa.

Jifunze kuzisoma tarakimu hizo, zitakuokoa. Kwenye komiki nyingi za kisasa za Marvel na DC, kando ya mistari mikubwa kuna mistari midogo yenye tarakimu tano. Tatu za kwanza ni namba ya komiki. Ya nne ni jalada. Ya tano ni chapa. Kwa hiyo 00111 ni namba 1, jalada la kwanza, chapa ya kwanza. 00121 ni jalada la pili, chapa ya kwanza. Ukiona 00112, hiyo ni chapa ya pili, hata picha ikifanana vipi. Ile yangu iliishia na 2. Nilirudishiwa hela baada ya wiki tatu za kuandikiana, nauli ya posta ikanila mimi. Tangu siku hiyo sinunui kabla sijatumiwa picha ya msimbo mtupu, na muuzaji akisitasita naachana naye.

Upande wa kupimwa na kupewa alama ndio niliokuwa na wasiwasi nao zaidi. Kampuni kongwe ya kazi hiyo ni CGC ya Florida, iliyoanza mwaka 2000, na ziko nyingine. Unatuma komiki, wanaikagua, wanaipa alama kati ya 0.5 na 10, kisha wanaifungia ndani ya kasha la plastiki ngumu. Wakusanyaji huliita slabu. Kwa CGC lebo ya buluu ni ya komiki ya kawaida, ya njano ni ya komiki iliyosainiwa mbele ya shahidi wao, ya zambarau ni ya iliyofanyiwa ukarabati. Kwenye komiki za kisasa alama ambayo soko linaitaka ni 9.8. Ikishuka hadi 9.6 bei inaporomoka, ingawa mimi na wewe tukizitazama kwa macho hatuoni tofauti.

Nilituma tatu, kampuni gani siitaji. Ada, kunyooshwa kwa mashine ya joto, posta ya kwenda na kurudi pamoja na bima vilinifikisha dola 170 na ushei. Nikangoja miezi minne. Zikarudi 9.8, 9.8 na 9.4. Ile 9.4 iliniuma, kwa sababu ndiyo ya Storm niliyoipenda zaidi na niliapa haina doa. Niliichukua jikoni, nikazima taa, nikawasha tochi ya simu na kuilaza mwanga uje kwa mshazari juu ya mgongo wa kitabu. Hapo nikaona. Karibu na pini ya chini kulikuwa na mikunjo miwili midogo, kila mmoja kama unywele mweupe uliolala juu ya wino mweusi. Ungeikagua mchana kutwa chini ya taa ya dari usingeiona. Waliopima walikuwa sahihi.

Tangu hapo kila komiki naipitisha kwenye tochi pale pale dukani kabla sijalipa, na mwenye duka hanuni; huniletea nakala nyingine nichague. Naangalia mgongo kwanza, kisha pembe nne, kisha uso wa jalada kutafuta alama za vidole, hasa likiwa jeusi, maana jalada jeusi halisamehe. Kuhusu kupimwa, kwangu inalipa kwa komiki ambayo tayari inauzwa juu ya dola 150 hivi ikiwa uchi, bila slabu. Chini ya hapo unawalipia watu plastiki. Zile 9.8 mbili sijaziuza, ila moja nimeshapewa bei inayorudisha gharama zote tatu na chenji ya chakula cha jioni. Duka nalipatia nyota tano. Kupimwa nyota tatu: kazi ni ya uaminifu, lakini miezi minne ni mingi na ada zinajificha kidogo kidogo kwenye kila hatua ya fomu.

Kwa ndugu zangu wa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja wanaotaka kuanza, lipo jambo ambalo wakusanyaji wa huku hawalitaji kwa sababu haliwahusu. Mwaka juzi nilimwachia mama komiki kumi nikiwa likizo, nikiamini zitakuwa salama kuliko kuzunguka nazo. Nilipopiga simu alinipa habari njema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Makaratasi yako nimeyafunga kwenye mfuko wa nailoni, nimefunga kabisa na kamba. Hata mende hapiti."

Alifunga kwa mapenzi yake yote, akafungia na unyevu ndani. Niliporudi baada ya mwaka, mfuko ulikuwa umetoka jasho. Kurasa zilikuwa na mawimbi kama mkeka uliolowa, na pini za chuma zilikuwa zimeshika kutu, kutu ile imetambaa kwenye karatasi pande zote mbili ikaacha duara la rangi ya chai. Nane kati ya kumi hazina thamani tena ila ya kusoma. Kabati lenyewe lilikuwa linatazama bahari. Hewa ya chumvi ilimaliza kazi.

Pwani yetu inataka utunzaji wake. Kila komiki ikae kwenye mfuko wake pamoja na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Mifuko ya mailari, plastiki ngumu inayoonyesha ndani, ni ghali kuliko ya kawaida, lakini kwa ile unayoijali inunue. Usibandike selotepu karibu na mdomo wa mfuko, maana siku ya kuitoa jalada litanasa na kuchanika. Zisimamishe wima ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, tia pakiti za silika za kunyonya unyevu, na kila miezi miwili fungua uzibadilishe. Sanduku lisiguse sakafu wala ukuta wa nje. Na usiku wa masika usilifungue.

Mama aliponiona nimezipanga sakafuni zile nane nikizitazama, alikaa kitako pembeni yangu, akaokota moja akaifungua. "Huyu ndiye Mkenya wako?" Nikamwambia ndiye. Akaiangalia sana, akageuza ukurasa kwa ncha ya kidole ili asiichane pale palipooza kwa kutu. Desemba narudi na masanduku mawili ya plastiki na pakiti hamsini za silika, na ameshaniambia kabati la chumba cha ndani, lisilo na dirisha, amelitoa mashuka yote.