Mzinga wa Kew, London: usiishie kupiga picha, shuka chini ukasikilize nyuki

Kama unaishi London, au unapita Uingereza wakati wa kiangazi na una nusu siku ya kupumua, nenda bustani ya mimea ya Kew ukauone ule mzinga mkubwa wa alumini, kazi ya sanaa ambayo mtu anaingia ndani yake. Nasema kuuona, lakini raha yake kubwa ni kuusikia, na hapo ndipo wengi wanapopitwa.

Kazi yenyewe inaitwa The Hive, ya msanii Mwingereza Wolfgang Buttress. Ilisimamishwa kwanza Milan mwaka 2015, ikiwa banda la Uingereza kwenye maonyesho ya dunia ya Expo, kisha ikafumuliwa na kuletwa Kew mwaka 2016. Ina kimo cha mita 17, uzito wa tani 40, na vipande vya alumini vipatavyo 170,000 vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka kwa pembe sita, vile vile nyuki wanavyojenga masega. Ukiwa mbali huoni jengo. Unaona kitu kama kundi la nyuki lililohama na kutua juu ya kilima cha majani. Jinsi unavyokaribia ndivyo vyuma vinavyojitenga, kimoja kimoja, na anga inaonekana katikati yake.

Mimi ni mtu wa Sikonge, mkoa wa Tabora, kwenye misitu ya miombo, ambako mzinga ni gogo lililotobolewa na kutundikwa juu ya mti. Babu yangu alikuwa mrina asali. Akifika chini ya mti hapandi moja kwa moja. Anasimama, anasikiliza. Mlio ukiwa mzito na wa taratibu, anawasha moshi na kupanda. Ukiwa mkali, anasema leo tuwaache, na tunageuza. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna msanii amejenga mzinga ambao mtu anaingia ndani kusikiliza, nilitaka kujua kama anasikilizisha nyuki kweli au ni mapambo tu.

Ni nyuki kweli. Humo humo bustanini kuna mzinga halisi uliowekewa vihisi vinavyopima mtikisiko wa nyuki. Taarifa hizo zinafika kwenye jengo papo kwa papo. Ndani kuna taa ndogo za LED 1,000, na nyuki wakichangamka taa zinazidi kuwaka na sauti inapanda. Wakitulia, na jengo linatulia. Muziki wenyewe ulirekodiwa na wanamuziki, sello (ala ya nyuzi kama fidla kubwa) na sauti za waimbaji, kwa ufunguo wa muziki wa C kwa kuwa mvumo wa nyuki unaelekea huko. Lakini lini kipande gani kisikike, hilo wanaamua nyuki.

Watu wengi wanapanda ghorofa ya juu, wanasimama kwenye sakafu ya vioo vya pembe sita, wanatazama juu kwenye uwazi ule wa mviringo, wanapiga selfi, wanaondoka. Juu ni pazuri, sikatai. Ila shukeni chini, jamani. Nilipokwenda kulikuwa na vijiti vya mbao: unakichomeka kijiti kwenye tundu lake, unakiuma kwa meno, unaziba masikio kwa vidole. Mwanzo husikii kitu. Halafu mlio unaanza kupanda kwenye meno, unapita mfupa wa taya na kujaa kichwani, bila kupitia hewani hata kidogo. Nyuki nao hawana masikio kama yetu, wanazungumza kwa kutikisa sega. Malkia mchanga aliyekwisha kutoka kwenye chumba chake hutoa mlio mrefu, na wenzake ambao bado wamefungiwa ndani ya nta humjibu kwa milio mifupi ya kukatika. Babu alikuwa anajua mizinga iliyo karibu kugawanyika kwa kuisikiliza tu, na pale, nikiwa nimeuma kijiti, ndipo nilipoelewa alikuwa anasikia nini. Binti yangu hakutaka kukiachia hadi nikamwomba awapishe wenzake.

Kuna jambo ambalo lingenipendeza zaidi likiwa tofauti: muziki. Ni mzuri, una utulivu, lakini kuna dakika sello zinatawala na mvumo wa nyuki unabaki nyuma sana. Ningewapa nyuki nafasi zaidi. Alumini nayo ni baridi machoni, hasa kwa mtu aliyezoea gogo na magome. Kinachoiokoa ni majani na maua ya porini yaliyopandwa kuizunguka, kwa sababu ukitoka tu unakuta nyuki wa kweli wako kazini, na unawatazama kwa heshima nyingine.

Natamani sana siku moja kazi ya namna hii ifanyike kwetu. Bustani ya mimea ya Amani, kule Usambara Mashariki, ipo tangu mwaka 1902, ina miti ya kila aina na ukimya wa kutosha. Mzinga mmoja wa gogo, vihisi vichache, na mafundi wa Sikonge wakihusishwa tangu mwanzo. Watoto wa shule wangejifunza mengi.

Kwa anayetaka kwenda: shuka stesheni ya Kew Gardens, treni ya District, uingilie geti la Victoria. Tiketi ya bustani inatosha, mzinga hauna kiingilio chake, na ukinunua mtandaoni mapema unapata nafuu. Chagua siku ya jua kati ya Mei na Agosti, saa sita hadi saa tisa mchana, nyuki wakiwa wamechangamka. Nimeshapita pia siku ya baridi ya Novemba, taa zilikuwa chache na sauti ya chini kabisa, kwa kuwa baridi ikizidi nyuki hujikusanya kumzunguka malkia na hawatoki. Mimi ilinigusa, lakini kama ni mara yako ya kwanza, subiri jua.