Kuwazungusha babu na nyanya Mwanza kwa gari la kukodi, uzoefu wangu

Mimi mtu wa Mombasa, kazi imenileta huku Mwanza mwaka wa nne sasa, na mwezi uliopita babu na nyanya wamekuja kunitembelea kwa mara ya kwanza (huku nyanya ni ya kuungia mboga, kwa hiyo nitasema bibi). Babu ana miaka 78, alikuwa bandarini Kilindini mpaka akastaafu, bibi magoti yanamsumbua sana. Walipanda treni mpaka Nairobi, wakalala, kesho yake basi, wakavukia Sirari wakaingia huku usiku wamechoka kabisa. Nikasema hawa siwapandishi daladala, na bajaji kwenye vilima vya huku sitaki, nikakodi gari na dereva siku mbili, laki na nusu kwa siku mafuta juu yao.

Nianze na kilichoniudhi. Kwenye simu nilisema wazi nina wazee nataka Noah, ile ya mlango wa kusukuma na kukanyaga ni chini. Asubuhi ikaja Prado imenyanyuka juuu. Napiga ofisini naambiwa Noah imetoka lakini hii ni nzuri zaidi. Nzuri kwa nani? Bibi alishika mlango, akaangalia kiti kilivyo juu, akaniangalia mimi, hakusema kitu, na ile kunyamaza kwake iliniuma kuliko angelalamika.

Aliyeokoa siku ni dereva, kijana wa Kisukuma. Alizima gari akashuka, shikamoo babu, shikamoo bibi, akavuka barabara akaazima kreti la soda dukani akalipindua chini ya mlango, akamshika bibi mkono taratiiibu mpaka akakaa. Hilo kreti tumezunguka nalo siku zote mbili.

Siku ya kwanza tulianzia kivuko cha Kamanga, pale karibu na Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu uliosimama ziwani. Babu akashuka akasimama anaangalia tu maji yanavyogusa mawe, dakika kumi, kumi na tano, nikadhani amechoka, kumbe anasubiri. Akaniuliza, "Hapa maji hujaa saa ngapi?" Nikamwambia babu, huku hayajai wala hayapwi. Hakuniamini! Akamuuliza dereva, dereva akamweleza kwa adabu kwamba ziwa linapanda na kushuka kwa mvua, si kwa mwezi, na mwaka 2020 lilipanda mpaka likaingia kwenye nyumba za watu ufukweni. Babu akachagua jiwe moja lenye mstari, na jioni akataka turudi palepale, maji yako kwenye mstari uleule. "Maji yote haya na hayana bamvua," akawa anarudia njia nzima (bamvua ni yale maji makuu ya bahari yanayofuata mwezi). Bibi yeye alitaka kunawa miguu ziwani, dereva akamzuia, bibi yangu huku kuna kichocho, akamletea maji ya chupa.

Kisiwa cha Saanane boti ni dakika chache tu, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi kwa hiyo bebeni vitambulisho. Bibi hakupanda miamba, alikaa kivulini anaangalia pimbi akaridhika.

Kitu kingine sikukifikiria kabisa ni swala. Kwa saa ya babu Mombasa magharibi ilikuwa imeshaingia, na hapa jua bado linaonekana juu ya ziwa, maana huku linachelewa kuzama karibu nusu saa. Dereva mwenyewe, na si Muislamu, ndiye aliyeuliza babu tusimame msikiti gani.

Siku ya pili Bujora, kule Kisesa, kama kilomita 20 kwa barabara ya Musoma, makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Kanada. Hapa ndipo babu alipochangamka. Tukaonyeshwa ngoma za watemi, tukaelezwa habari ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana nani atavuta watu wengi, babu akaruka, "Aa, hao ni Kingi na Skochi!" akaanza kumsimulia yule kijana wa makumbusho beni za Mombasa, zile ngoma za zamani za mashindano ambazo Kingi na Skochi vilikuwa vyama vyake, alizokuwa akihadithiwa na baba yake, mimi nimekua kwenye nyumba ile na sijawahi kuzisikia. Tulikaa saa nzima zaidi. Mchana sato wa kuchemsha, bibi akala vizuri ila aliuliza tui liko wapi.

Kumaliza, ofisi wakataka 30,000 zaidi eti Bujora ni nje ya mji, na mwanzoni hawakutamka. Tulibishana nikalipa nusu. Kwa hiyo dereva nampa tano kwa tano, ofisi mbili. Kama una wazee andikiana nao WhatsApp aina ya gari na kila mnapokwenda, na uombe picha ya mlango ukiwa wazi.

Jana bibi kapiga simu kutoka Mombasa, salamu hata hazijaisha anauliza kama lile kreti la watu lilirudishwa. Lilirudishwa bibi.